Wakaguzi wa nyuklia wakija, nani anafungua lango?

Swali: Mazungumzo ya nyuklia yamehamia upande wa ziwa. Hapa Migori na jirani zetu Homa Bay tunauliza: kinu cha utafiti kikijengwa, wageni wataingia wapendavyo?

Jibu: La, ndugu msomaji, ila serikali nayo haiwezi kuwafungia ipendavyo. Makubaliano ya ukaguzi kati ya Kenya na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na itifaki ya ziada, yalianza kutumika Septemba 2009.

Jina la kila mkaguzi huletwa kwanza serikalini, na anaweza kukataliwa. Ikiwakataa mmoja baada ya mwingine, suala hufika kwa Bodi ya Magavana wa shirika hilo kule Vienna, na hapo nchi huanza kutiliwa shaka. Maafisa wetu wana haki ya kuandamana na wakaguzi, mradi wasiwacheleweshe. Itifaki huruhusu taarifa ya saa 24. Wakiwa tayari ndani ya eneo la kinu, hata saa 2. Kwa muda mfupi hivyo, naona afisa anayejua kila fimbo ya urani ilipo anatufaa kuliko hotuba ya balozi.

Mfano ni Kinshasa, penye kinu tangu 1959, ambako fimbo mbili ziliibwa. Moja ilinaswa Italia mwaka 1998. Hakuna mwanadiplomasia awezaye kutetea upungufu wa namna hiyo.

Katika vikao vya umma, ulizeni kaunti itajulishwaje matokeo, maana ripoti za wakaguzi hupelekwa Nairobi na Vienna.