Kumfundisha Kiingereza Mtu Mzima



Wako watu wazima wengi katika miji yetu wenye kutamani kujua Kiingereza, lakini wakisha kuketi mbele ya mwalimu siku mbili tatu huacha. Si kwa uzito wa akili, bali ni kwa kuona haya. Mtu mwenye wajukuu akichekwa kwa kusema “buku”, kesho harudi. Basi yampasa mwalimu ajue kwanza kosa hilo latoka wapi.

Neno la Kiswahili aghalabu humalizika kwa irabu. La Kiingereza mara nyingi humalizika kwa herufi tupu. Ulimi huitafutia herufi ile irabu ya kuegemea, na “book” ikawa “buku”. Dawa yake mwanafunzi anayo tangu chuoni: ni sukuni. Mwambie aifunge kafu kwa sukuni, naye atalipata neno.

Vivyo hivyo sauti mbili za “th”, zinazowatesa wageni wengi. Ya “think” ni thaa ya thamani. Ya “this” ni dhali ya dhahabu. Na aliyezoea madda hupambanua upesi “sheep”, yaani kondoo, na “ship”, yaani meli. Ila hii ya pili si fupi tu, bali hulegezwa na kuelekea “e” kidogo.

Katika sarufi, mtego mkubwa ni “he” na “she”. Sisi twasema “anaumwa” kwa mume na kwa mke. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma kwangu alikwenda kumwitia mkewe daktari, akasema, “He is sick.” Daktari akaingia chumbani akimtafuta mwanamume. Aliponisimulia nikacheka, naye hakuja tena mwezi mzima. Kosa lilikuwa langu. Nikaenda kwake kumtaka radhi.

Aliporudi nilimwuliza, “Mzee wangu, katika Kiarabu wasemaje?”

Akajibu, “Huwa, na hiya.”

Nikamwambia, “Basi ‘he’ ni huwa, na ‘she’ ni hiya, na kitu kisicho na uhai husemwa ‘it’.” Tangu siku ile hakukosea ila mara chache.

Basi, ewe mwalimu, mwache mwanafunzi amalize maneno yake, kisha umsahihishe kosa moja, si kumi, wala si mbele ya watu. Hakuja kwako mtupu. Amekuja na elimu yake. Anzia hapo.

Wabillahi taufiki.