Dada, Nifute Nisifute?

Wadogo zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, swali lenu kubwa siku hizi ni kama mfute TikTok, Instagram na nduguze. Nami nakuuliza kwanza: imekuchukulia nini? Maana anayefuta kwa kuwa shoga yake kafuta, wiki ijayo ataipakua tena, na bando atalipa mwenyewe.

Wewe unayenunua dagaa Mwigobero na kuwatumia wateja Mwanza, WhatsApp ndiyo duka lako. Usiniambie unaifunga ili upate utulivu. Lakini ile Instagram ya saa sita usiku, unayopitia sebule za watu wa Dar hadi unaanza kumnunia mume asiye na kosa, hiyo inakuuzia nini? Itoe.

Wa Bunda anayenunua bando kabla hajajua mboga ya mchana, sababu yake ni fedha, na inatosha. Hana haja ya kuipamba.

Kesi ninayoiona ngumu kuliko zote ni ya binti aliyeachwa, ambaye kila asubuhi, hata uso hajanawa, anachungulia ukurasa wa yule kijana na mchumba wake mpya. Anajua gauni lililovaliwa Jumapili, anajua hoteli waliyokula. Mdogo wangu, kidonda hicho unakitonesha kwa mkono wako. Mzuie. Wala si uadui, na usimwandikie kumuaga kwanza. Ukimwandikia utasubiri jibu. Zuia pia akaunti ya rafiki yake ambayo ulikuwa umeiweka akiba.

Halafu msijione dhaifu. Ule ukurasa unaoteremka bila kikomo aliubuni Mmarekani Aza Raskin mwaka 2006, na baadaye akajutia hadharani. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, hata muuza magazeti hufunga akaenda kulala. Kitu kisicho na mwisho, mwisho wake inabidi uupange wewe: simu ilale sebuleni, saa ya kuamkia ununue ya mezani.

Kuna wanaosema walipumzika mtandao ulipozimwa nchini, Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata. Hapo tunakosana. Watu walihangaika kujua kama ndugu zao wako salama, na biashara zililala. Kuzimiwa si kuacha. Mimi nazungumzia simu uliyoizima kwa kidole chako, ukijua utaiwasha lini.

Sasa makundi, maana ndiko aibu iliko. Kundi la kikoba baki, mna hesabu zenu. La ukoo linyamazishe, ulifungue jioni. Msiba hautapita bila mtu kukupigia. La michango ya harusi iliyokwisha kufanyika toka, kwa kuwa tangu 2022 WhatsApp haiwatangazii wanakundi wote kwamba umetoka. Maadmini ndio wanaoarifiwa. Nje ya makundi, zile alama za bluu nazo unaweza kuziondoa, ingawa na wewe hutaona za wenzako. Nadhani hiyo ni faida.

Na usiandike status ya kuaga. Anayeaga mtandaoni hurudi kila baada ya dakika tano kuhesabu waliosikitika.

Wifi akinuna kwamba hukuona picha za mtoto wake, mpigie umwombe akusimulie. Tena mpigie mchana, akiwa ameshamaliza kazi, maana atachukua nusu saa.