Uji Usiwe Maji Matupu: Lishe ya Majimaji kwa Mgonjwa wa Saratani ya Umio

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi, unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani inapoota ndani yake, njia husongeka polepole. Nyama na ugali ndivyo huanza kukwama. Hufuata wali na ndizi za kupikwa. Kisha hubaki vya majimaji peke yake, na mwishowe hata mate hupita kwa shida. Kwa kuwa umio una uwezo mkubwa wa kutanuka, watu wengi hawahisi taabu mpaka sehemu kubwa ya njia imekwisha kuzibika. Ndiyo maana wengi hufika hospitalini wakiwa wameishi kwa uji na chai kwa wiki nyingi, na nguo zimewapwaya.

Ugonjwa huu unaifahamu vizuri Afrika ya Mashariki. Maeneo yenye wagonjwa wengi yamejipanga kama ukanda kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Mionzi, upasuaji na dawa vina makala zake. Somo hili linahusu swali linaloulizwa jikoni kila siku: mgonjwa asiyeweza kumeza isipokuwa majimaji atapataje nguvu za kumfikisha kwenye tiba na kumvusha? Mgonjwa aliyedhoofika mno huweza kuahirishiwa mionzi au dawa za saratani, au kushindwa kuzimaliza. Kwa hiyo kilichomo ndani ya kikombe ni sehemu ya matibabu.

Kupima ugumu wa kumeza

Wahudumu wa afya hutumia kipimo chepesi chenye ngazi tano. Ngazi ya 0 ni mtu anayekula kila kitu. Ngazi ya 1 anakula baadhi ya vyakula vigumu, ngazi ya 2 vyakula laini tu, na ngazi ya 3 majimaji tu. Ngazi ya 4 hawezi kumeza chochote, hata mate. Namba hiyo iandikwe katika faili kila mgonjwa anapohudhuria, pamoja na uzito wake. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake kwa mwezi mmoja, au zaidi ya asilimia 10 kwa miezi sita, yumo katika hatari ya utapiamlo na hapaswi kurudishwa nyumbani bila mpango wa lishe. Pasipo mizani, mkanda wa suruali uliosogezwa matundu mawili hutoa ushahidi unaotosha kuanza kuuliza.

Tahadhari moja itangulie. Maelezo haya yanamhusu mtu ambaye njia yake ya chakula imesongeka. Mgonjwa wa kiharusi ana tatizo jingine: misuli ya koo lake haifanyi kazi kwa mpangilio, na majimaji mepesi ndiyo humpalia na kuingia mapafuni. Huyo apimwe kwanza uwezo wake wa kumeza kabla ya kupewa kikombe.

Hesabu ya kikombe cha uji

Mgonjwa wa saratani huhitaji kati ya kilokalori 25 na 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pamoja na protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo. Mwenye uzito wa kilo 50 basi anahitaji kilokalori 1,250 hadi 1,500, na protini gramu 50 hadi 75.

Sasa utazamwe uji ambao familia nyingi humpikia kwa mapenzi mema. Gramu 50 za unga wa mahindi katika lita moja ya maji hutoa uji mwepesi unaopita vizuri, wenye kilokalori zipatazo 180 tu. Kikombe cha mililita 250 kina kilokalori 45. Ili kufikia mahitaji yake, mgonjwa huyu angelazimika kunywa vikombe visivyopungua 28 kwa siku, jambo lisilowezekana. Anakunywa vitano au sita, tumbo linajaa, jamaa wanaridhika kwamba amekula, na mwili unaendelea kujila wenyewe. Hii ndiyo njaa iliyojificha nyuma ya kikombe kilichojaa.

Dawa ya njaa hiyo ni kubadili kilichomo kikombeni. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini hutoa 4. Mafuta hayaufanyi uji kuwa mzito. Yanapita palepale unga usipoweza kupita. Mfano ufuatao unaweza kupikwa katika nyumba nyingi:

- Unga gramu 150 (takriban kikombe kimoja kilichojaa), upikwe kwa maji mililita 750.
- Maziwa mililita 250, yaongezwe mwishoni.
- Karanga zilizosagwa hadi kuwa laini kabisa, vijiko vitatu vya chakula.
- Mafuta ya kupikia, vijiko viwili vya chakula.

Uji huu wote hubeba takriban kilokalori 1,200 na protini gramu 32. Kikombe kimoja sasa kina nishati mara tano au zaidi ya kile cha kwanza. Upungufu wa protini hujazwa kwa maziwa zaidi, mtindi, au supu iliyochujwa, kama itakavyoelezwa. Karanga zichambuliwe kabla ya kusagwa. Zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe, kwa sababu ukungu huo huzalisha sumukuvu.

Kimea: ujuzi wa zamani wenye faida mpya

Ugumu uliobaki ni kwamba gramu 150 za unga katika maji hayo hutoa uji mzito usiopita penye msongo. Hapa kimea huja na msaada wake. Nafaka iliyooteshwa huwa na kimeng’enya kinachokatakata wanga, na uji mzito uliotiwa unga wa kimea hulainika ndani ya dakika chache bila kupoteza nishati yake. Watengenezaji wa togwa wanalijua jambo hili tangu zamani. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini Tanzania walichunguza na kuhimiza matumizi ya unga wa kimea katika uji wa watoto wadogo, ambao tumbo lao dogo halihimili uji mwepesi mwingi. Mgonjwa wa umio yumo katika hali hiyohiyo.

Ulezi ulowekwe usiku kucha, uchujwe, ufunikwe kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanikwe juani ukauke kabisa, kisha usagwe. Ulezi unafaa kuliko mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana kemikali inayoweza kutoa sayanidi. Uji ukishaiva uepuliwe na kuachwa upoe kiasi kwa dakika kumi hivi, kwa sababu moto mkali huua kimeng’enya. Kisha kitiwe kijiko kimoja cha chakula cha kimea na kukorogwa. Baada ya dakika kumi nyingine uji utakuwa mwepesi. Urudishwe jikoni uchemke tena, ili vijidudu vilivyotoka kwenye kimea vife, ndipo maziwa, karanga na mafuta viongezwe. Mwisho upitishwe kwenye chujio, maana punje moja ya pumba hutosha kuziba njia iliyosongeka sana.

Zaidi ya uji

Mtu akila kitu kimoja kila siku huchoka nacho, na aliyechoka na chakula huacha kula. Mapishi ya nyumbani yana hazina kubwa. Mtori wa ndizi na nyama husagwa kwa blenda, ukaongezwa mchuzi wake na kuchujwa. Bokoboko la Pwani, ambalo ni ngano na nyama zilizopondwa pamoja, hulainishwa kwa supu kwa namna hiyohiyo. Maharage yaliyoiva sana, dagaa waliosagwa kuwa unga, tui la nazi, parachichi lililosagwa na maziwa: vyote hivi huweza kupita vikishachujwa. Pasipo umeme, kinu na chujio hufanya kazi ya blenda, ingawa kwa jasho zaidi.

Supu ya mifupa peke yake isitegemewe. Ina ladha na chumvi, lakini nishati na protini yake ni kidogo. Chai ya rangi na soda hujaza tumbo bila kujenga mwili.

Mwenye kisukari asiongezewe sukari, na vipimo vyake vifuatiliwe kwa karibu, kwani uji wa kimea huweza kupandisha sukari ya damu haraka. Mwenye ugonjwa wa figo aonwe na mtaalamu wa lishe kabla ya kuongezewa maziwa na karanga.

Namna ya kunywa

Milo midogo sita hadi nane kwa siku, kila baada ya saa mbili au tatu, hufaa kuliko mitatu mikubwa. Mgonjwa akae wima anapokunywa na abaki hivyo kwa nusu saa hadi saa nzima. Wakati wa kulala, kichwa na kifua viinuliwe. Kila mlo umalizwe kwa maji kidogo ya kusafisha njia. Kinywaji kiwe vuguvugu. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Nasaha hiyo inamhusu mgonjwa, na inawahusu pia waliomzunguka wanaokunywa chai ikitokota.

Chakula kilichosagwa huharibika haraka. Kisikae nje bila jokofu kwa zaidi ya saa mbili. Kinywa kisafishwe kila baada ya mlo. Utando mweupe mdomoni ni dalili ya fangasi, hutibika, na ukitibiwa hamu ya kula huweza kurejea.

Kwa wahudumu wa afya: usimlishe kwa pupa

Mgonjwa aliyekaa na njaa kwa muda mrefu yumo katika hatari siku za mwanzo za kulishwa. Wanga unapoingia ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kuingia ndani ya seli. Viwango vyake katika damu vikishuka, moyo huweza kusimama. Aliyekula kidogo sana kwa zaidi ya siku tano aanze na nusu ya mahitaji yake kwa siku mbili za mwanzo. Aliye katika hatari kubwa, kama vile asiyekula karibu chochote kwa zaidi ya siku kumi au aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito, aanze na kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo kwa siku, kisha aongezwe taratibu kwa siku nne hadi saba. Vitamini B1, miligramu 200 hadi 300 kwa siku, itangulie chakula na iendelee kwa siku kumi. Madini hayo yapimwe kila inapowezekana.

Dawa nazo zichunguzwe. Vidonge vinavyotoa dawa polepole visipondwe, kwa sababu dozi ya siku nzima huingia mwilini kwa mara moja. Mfamasia aulizwe iwapo ipo dawa ya maji badala yake. Kwa maumivu, mofini ya maji ni rahisi kumeza. Uganda imekuwa mfano katika matumizi yake tangu taasisi ya Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa mwaka 1993.

Majimaji pia yasigeuzwe kuwa kisingizio cha kutomfungulia mgonjwa njia. Stenti, yaani bomba la waya linalotanua umio, humwezesha mgonjwa kurudi kwenye vyakula laini, ingawa mapande ya nyama na mkate huweza kuliziba. Mionzi hupunguza uvimbe. Mrija wa kulishia kupitia ukuta wa tumbo huokoa uzito wakati tiba inapoendelea. Mgonjwa wa ngazi ya 3 apewe rufaa mapema, kabla hajafika ya 4.

Heshima ya mlaji

Katika jamii inayokula kwenye sinia moja, kuondolewa kwenye sinia ni kuondolewa kwenye mazungumzo. Wagonjwa wengi hujitenga wakati wa chakula kwa kuona haya ya kukohoa na kutema, au kwa kuchoka kuambiwa wajikaze wameze tonge. Wengine husikia minong’ono ya kurogwa. Jamaa waelezwe wazi kwamba njia imezibwa na uvimbe na kwamba kumlazimisha tonge ni kumhatarisha. Mgonjwa akae nao, na kikombe chake kipikwe kutoka chungu kilekile: wao wale mtori, naye anywe mtori uliochujwa. Mara nyingi mtu hunywa zaidi akiwa na watu.

Dalili za kukimbilia hospitali

- Kushindwa kumeza maji au mate.
- Kukohoa kila anapokunywa. Huenda tundu limefunguka kati ya umio na njia ya hewa.
- Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami.
- Homa pamoja na kupumua kwa shida.
- Kizunguzungu, mkojo mchache na mweusi, au kuchanganyikiwa.

Muhtasari

Mgonjwa apimwe uzito na ngazi ya kumeza kila anapohudhuria. Uji ukolezwe kwa mafuta, karanga na maziwa, ulainishwe kwa kimea, uchujwe, na unywewe kidogo kidogo mara nyingi. Aliyekonda mno aongezewe chakula kwa hatua. Njia ya umio ifunguliwe mapema kadiri tiba inavyoruhusu. Na muhudumu anapoambiwa kwamba mgonjwa “anakunywa uji vizuri”, asiishie hapo. Aulize uji huo umepikwa kwa unga kiasi gani, na umetiwa nini.