Jokofu la Kubebeka Ndani ya Gari Lililoegeshwa: Mambo ya Kuzingatia Wakati wa Joto

Majokofu madogo ya kubebeka, ambayo wengi huyaita friji za gari, hutumika kusafirishia samaki wabichi wa Ziwa Victoria, maziwa, chanjo za mifugo na dawa za binadamu. Gari linapokuwa safarini, injini huendelea kuchaji betri na jokofu hufanya kazi bila taabu. Ugumu huanza gari linapoegeshwa juani, kwenye mnada, stendi au machimboni. Somo hili linamwelekeza mtumiaji namna ya kukadiria muda ambao jokofu lake litahimili, na namna ya kutambua iwapo kilichomo bado ni salama.

1. Joto la ndani ya gari si joto la nje

Gari lililofungwa na kuachwa juani huweza, ndani ya saa moja, kuwa na joto linalozidi la nje kwa nyuzi 20 za Selsiasi au zaidi. Kwa hiyo, siku ambayo mjini Kahama au Shinyanga kuna nyuzi 32, jokofu lililomo garini linaweza kuwa linapambana na nyuzi 50 na kuendelea. Kushusha vioo kidogo hakusaidii sana. Kivuli husaidia zaidi.

2. Tambua aina ya jokofu kabla ya kulipa

Kuna aina mbili zinazofanana kwa sura. Ya kwanza ina kompresa, kama friji ya nyumbani, na huweza hata kugandisha. Ya pili haina kompresa. Ni nyepesi, husikika feni pekee, na mara nyingi ina swichi ya kuchagua baridi au moto. Aina hii ya pili hushusha joto kwa nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya joto linaloizunguka. Ndani ya gari lenye nyuzi 50, kilichomo kitabaki kwenye nyuzi 30 au zaidi. Inafaa kwa soda na maji, lakini haifai kwa samaki, maziwa wala insulini inayoachwa ndani ya gari lililo juani.

3. Piga hesabu ya betri

Hesabu hii huhitaji namba mbili: wati zilizoandikwa kwenye jokofu, na uwezo wa betri ulioandikwa kwa alama ya Ah. Tuchukue mfano wa mchuuzi wa samaki aliyeegesha gari Katoro kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yaani saa 7. Jokofu lake la kompresa ni la wati 45, na betri ya gari ni ya Ah 45.

- Wati 45 ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 3.75.
- Betri ya kuwashia gari haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake. Nusu ya 45 ni 22.5.
- 22.5 ukigawa kwa 3.75 unapata saa 6.

Juani kompresa inaweza kufanya kazi karibu bila kupumzika. Maana yake, nusu hiyo ya betri itakwisha saa kumi jioni, saa moja kabla ya mchuuzi kuondoka. Na hiyo ni betri mpya. Iliyotumika miaka kadhaa huhifadhi umeme pungufu ya ulioandikwa. Iwapo ataegesha kivulini na kompresa ikafanya kazi nusu ya muda, atatumia takribani Ah 13 tu kwa saa zote 7.

Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi. Ikimalizwa mara kwa mara huharibika upesi. Anayeegesha kwa saa nyingi kila siku anashauriwa kutumia betri ya pili, ya aina inayotumika kwenye sola, iliyofungwa na fundi kwa waya mnene na fyuzi.

4. Gari kuwaka si uthibitisho kwamba bidhaa ni salama

Katika magari mengi, tundu la umeme lililo karibu na dereva hukatika mara ufunguo unapotolewa. Vilevile, majokofu mengi ya kompresa yana kinga inayoyazima betri inapopungua, ili gari liweze kuwaka. Katika hali zote mbili bidhaa hupata joto wakati mwenyewe hayupo. Akirudi na kuwasha injini, jokofu huanza tena kupoza, na baada ya muda namba ya kwenye kioo chake huonyesha baridi ya kawaida.

Kwa sababu hiyo, weka ndani ya jokofu kipimajoto kinachotunza kumbukumbu ya joto la juu lililofikiwa. Vyakula vinavyoharibika upesi vihifadhiwe chini ya nyuzi 5. Insulini ambayo haijafunguliwa ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande kamwe. Insulini iliyoharibiwa na joto inaweza kuonekana kama nzima. Ukiwa na shaka, muulize mfamasia kabla ya kuitumia.

5. Hatua za kuchukua

- Poza jokofu na bidhaa kwa umeme wa nyumbani kabla ya safari.
- Egesha kivulini na ufunike kioo cha mbele.
- Acha nafasi pande zenye matundu ya hewa. Usilifunike jokofu kwa mizigo.
- Lifungue mara chache.
- Usiache injini ikiunguruma ndani ya gereji au sehemu iliyofungwa, wala usilale ndani ya gari hilo. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

6. Haki yako dukani

Mwombe muuzaji aliwashe jokofu mbele yako, akuonyeshe wati zake, na aandike kwenye risiti kama lina kompresa. Dai risiti ya EFD na masharti ya waranti kwa maandishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Ukiuziwa boksi lisilo na kompresa kwa maelezo kwamba linagandisha, rudi kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC).

Maswali ya kujipima

1. Jokofu lako lina wati ngapi, na betri yako ina Ah ngapi?
2. Ukiegesha juani, nusu ya betri itatosha kwa saa ngapi?
3. Ufunguo ukitolewa, je, tundu unalotumia hubaki na umeme?