Kabla ya Kupanda Mtumbwi: Kiboko, Mamba na Upepo

Msafiri atokaye Kigwa, kwenye njia ya kale ya misafara iendayo Ujiji, hukutana na hatari mbili majini: wanyama wa Mto Ugalla na upepo wa Ziwa Tanganyika. Kinga ya moja yaweza kumtia katika nyingine, kwa kuwa anayeambaa ukingoni kukwepa mawimbi huwakaribia viboko.

Kiboko. Mchana hukaa majini, usiku hutoka kula majani, alfajiri hurejea. Basi usisafiri alfajiri wala magharibi. Usipite kati yake na maji ya kina, maana huko ndiko akimbiliako. Uone ukingo, lakini usiguse matete. Kabla ya kona ya mto, gongeni ubavu wa chombo ili ajue mpo.

Mamba. Usining'inize mkono wala mguu nje ya chombo. Usioge wala kufua mtoni.

Upepo. Wakati wa kiangazi, kusi huinua mawimbi makubwa ziwani. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ukitahadharisha, ahirisha safari.

Haki yako. Kabla ya kulipa nauli, dai jaketi la kuokoa maisha linalokutosha, ulivae na kulifunga. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka. Mwachie mtu wa nyumbani jina la chombo, njia na saa ya kufika. Ukichelewa, yeye ndiye atakayepiga simu polisi, namba 112.