Nywele Zikinyonyoka, Tuulize Mwili Kwanza
Akina mama wengi wa Temeke na Kinondoni hutujia wameshika nywele zilizonyonyoka, wakidhani wamerogwa. Sisi huwauliza: miezi mitatu iliyopita uliumwa nini? Uzazi, au homa kali kama ile ya dengi iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzipumzisha nywele nyingi kwa pamoja, nazo hudondoka miezi 2 au 3 baadaye. Hizo kwa kawaida huota tena zenyewe. Fedha ya mafuta ya kukuza nywele nunua maharage na dagaa. Lakini ukichoka na kuona kizunguzungu, kapimwe damu. Shingo ikivimba, tezi nayo ipimwe. Mtoto mwenye mapunye anahitaji vidonge kwa wiki kadhaa. Kupaka dawa tu hakutoshi.