SIWEZI AU SIJAWEZA?

Somo la familia na vikundi vya jumuiya
Someni nyumbani kabla ya kukutana: Matendo ya Mitume 18:1-3 na 24-28, 1 Wafalme 19:4-8



Mama akiulizwa kama chakula kiko tayari, hujibu, "Bado, sijapika." Hakuna anayesikia jibu hilo akadhani kwamba mama huyo hatapika maisha yake yote. Moto utawashwa na sufuria itainjikwa. Lakini mwulize mama huyo huyo kama anaweza kusoma karatasi aliyopewa ofisini. Atasema, "Mimi siwezi mambo hayo." Tuangalie tofauti ya majibu haya mawili. "Sijapika" ni neno la mtu ambaye kazi iko mbele yake. "Siwezi" ni neno la mtu aliyekwisha kufunga mlango. Somo letu la mwezi huu ni juu ya kuubadilisha usemi wa pili ufanane na ule wa kwanza, yaani kutoka "siwezi" kwenda "sijaweza".

Jambo hili linatuhusu sana sisi tuliokimbia. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na baadaye Palma iliposhambuliwa mwezi Machi 2021, familia zetu zimepoteza vitu vinavyohesabika: nyumba, mikorosho, vyombo, vyeti vya watoto. Kuna na kitu kingine tulichopoteza ambacho hakiandikwi katika orodha yoyote, nacho ni uthubutu wa kujaribu. Mtu aliyekuwa fundi kwao, hapa anajiona hana ujuzi. Msichana wa miaka 15 anaambiwa aingie darasa la tatu pamoja na watoto wadogo, anaona haya, anabaki nyumbani. Baba aliyekuwa akitoa shauri kijijini anaulizwa kwa Kireno, anainamisha kichwa. Hapo ndipo "siwezi" inapoota mizizi.

1. AKILI HUKUA KWA KUTUMIKA

Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo ya kutatua. Walipomaliza, wengine waliambiwa, ninyi mna akili. Wengine waliambiwa, mmefanya bidii. Kisha wakaulizwa kazi gani wanaitaka sasa, nyepesi au ile ya kujifunzia. Waliosifiwa akili, wengi wao walichagua nyepesi. Waliosifiwa bidii, wengi wao walichagua ile ya kujifunzia.

Halafu wote walipewa mafumbo magumu wakashindwa. Walipopewa tena mafumbo mepesi kama yale ya kwanza, waliosifiwa bidii walifanya vizuri kuliko mwanzo, na wale waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mwanzo. Tena walipotakiwa kuandika alama walizopata, waliosifiwa akili ndio waliodanganya zaidi.

Kwa nini? Kwa sababu mtoto anayeamini kwamba akili ni kitu cha kuzaliwa nacho, kila kosa kwake ni aibu. Kosa linamwambia kwamba hana. Lakini anayeamini kwamba akili hukua, kosa linamwonyesha mahali pa kufanyia kazi. Dweck aliuita moyo huu wa pili mtazamo wa kukua, na mwaka 2006 aliuandikia kitabu kilichosomwa nchi nyingi.

Wazazi, tupokee neno hapa. Mtoto akileta daftari nyumbani, tusiishie kusema, "Una akili wewe." Tumwulize, "Hili umelifanyaje? Lipi lilikushinda, na umelirudia mara ngapi?" Tusimwambie mtoto aliyekosa kwamba kichwa chake ni kizito. Neno la namna hiyo hukaa moyoni miaka mingi.

2. MZEE ALIYEINGIA DARASA LA KWANZA

Kama yuko kijana anayeona haya kukaa na watoto wadogo darasani, na asikie habari za Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilifuta ada katika shule za msingi. Tarehe 12 Januari 2004 mzee Maruge, akisema ana miaka 84, alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret. Alikuja na sare kama watoto, kaptula na soksi ndefu. Ujanani alikuwa mpiganaji wa Mau Mau, wala hakupata kusoma. Alisema anataka kuhesabu fedha zake mwenyewe, na kuisoma Biblia mwenyewe ajue kama wahubiri wanasema kweli.

Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa kiranja mkuu wa shule, na mwaka huo huo alipelekwa New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akazungumza juu ya elimu ya bure kwa watoto.

Sehemu ya habari zake inayotuhusu zaidi ni ile isiyosimuliwa sana. Baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, Kenya iliingia katika vurugu, na Eldoret ilikuwa mojawapo ya mahali palipoumia sana. Mali ya mzee Maruge iliibiwa. Akajikuta kambini katika hema, mtu aliyefukuzwa kwake, kama sisi. Alifikiri kuacha shule. Lakini aliendelea kwenda, kambi ikiwa kilometa 4 kutoka shuleni. Baadaye alihamia Nairobi katika nyumba ya wazee, akaandikishwa tena shule. Mwezi Mei 2009 alibatizwa katika kanisa Katoliki la Kariobangi akapewa jina Stephen. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009, kabla ya kumaliza shule ya msingi.

Hakumaliza. Je, alipoteza muda wake? La, hasha. Alikuwa hajui kusoma, akajua. Vurugu zilichukua mali yake, lakini herufi alizokwisha kuzijua hazikuweza kuibiwa.

3. WAZEE WETU WALIOVUKA RUVUMA

Tusifikiri mambo haya ni ya Wakenya tu. Enzi za Wareno, Wamakonde wengi wa Mueda walivuka mto Ruvuma kwenda Tanganyika, wakikimbia kodi na kazi za kulazimishwa, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge. Walikwenda na ujuzi wa kuchonga. Nyumbani walikuwa wamezoea miti laini, ile ya kuchongea vinyago vya mapiko. Huko ugenini walijifunza kuchonga mpingo, mti mgumu unaochosha mkono na kuharibu chombo cha asiyeuzoea. Wakabuni na mitindo mipya, kama ule wa watu wengi waliobebana katika gogo moja, unaoitwa ujamaa. Leo kazi za Wamakonde zinajulikana duniani kote.

Tuone walichofanya. Hawakuutupa ujuzi wa kwao, wala hawakusema, "Sisi ni watu wa miti laini." Walichukua walichokijua, wakakiongezea wasichokijua bado. Aliyekuwa na machamba ya mihogo hakuja hapa mikono mitupu. Anajua udongo, anajua mvua, anajua kungoja. Juu ya hayo anaweza kujifunza bustani ya mboga, au hesabu za biashara ndogo. Anayejua Kimakonde, Kimwani na Kiswahili amekwisha kujifunza lugha tatu. Kireno ni ya nne tu.

4. ALIYEJUA SANA AKAKUBALI KUFUNDISHWA

Sasa tufungue Matendo 18. Apolo wa Iskanderia alikuwa msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko. Alifundisha habari za Yesu kwa bidii, ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila walipomsikia, hawakumwaibisha mbele za watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Baadaye Apolo alikwenda Akaya, akawa msaada mkubwa kwa waamini.

Priskila na Akila walikuwa nani? Mstari wa 2 na wa 3 unatuambia. Walikuwa wamefukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, na kazi yao ilikuwa kushona mahema. Watu waliofukuzwa kwao, mafundi wa mikono, ndio waliomfundisha msomi.

Hapa tunapata mafundisho mawili. La kwanza ni kwa wanaojua: kukubali kurekebishwa hakukupunguzii heshima. Wako baba ambao hawawezi kujifunza kwa mke wao, na wazee ambao hawawezi kumwuliza kijana namna ya kuandika ujumbe wa simu. Kuuliza si ujinga. La pili ni kwa wanaojidharau: kuwa mkimbizi hakukunyimi nafasi ya kuwa mwalimu. Ulichonacho, mfundishe mwingine, ila kwa upole na faraghani, kama walivyofanya hao wawili.

5. SOMO HILI SI FIMBO

Ndugu wapendwa, lazima tuseme na jambo hili. Wako watakaolichukua somo hili wakampiga nalo jirani: "Angebadilisha mawazo yake, asingekuwa na njaa." Huo si ukweli. Watu hawakuchomewa nyumba kwa kukosa bidii. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 hakikuchagua wavivu. Mgao ukipungua, mtazamo mzuri hauwi unga.

Hata wataalamu wameona mpaka wa jambo hili. Mwaka 2019 ilichapishwa habari ya wanafunzi zaidi ya 12,000 wa Marekani waliopewa somo fupi, lisilofika saa moja, juu ya akili kukua. Waliokuwa nyuma kimasomo walipanda kwa alama kidogo. Tena somo lilisaidia zaidi katika shule ambako wenzao nao walikuwa na desturi ya kujaribu magumu. Maana yake, neno jema linasaidia, lakini halitoshi peke yake. Mtu anahitaji mwalimu, muda, daftari, na wenzake wasiomcheka.

Wako pia miongoni mwetu ambao hawalali usiku kwa yale waliyoyaona. Hao tusiwaharakishe. Eliya alipochoka hata kuomba kufa, malaika hakumletea somo kwanza. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye. Anayeumia namna hiyo aketi na mtu anayemwamini, aende na kituo cha afya. Kwake yeye, kuamka na kuoga leo kunaweza kuwa hatua ya kutosha.

6. TUANZE VIPI?

Chagua jambo moja tu. Si "nitajiendeleza", bali jambo linaloonekana: kuandika jina langu, kusema sentensi kumi za Kireno sokoni, kushona zipu bila kupinda, kupunguza hasira ninapozungumza na watoto.

Tafuta mtu wa kukuonyesha na kukusahihisha. Kujifunza bila wa kukusahihisha ni kurudia kosa lile lile.

Weka muda mfupi wa kila siku. Robo saa kila jioni inashinda Jumamosi moja nzima kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Weka alama. Hifadhi karatasi ya kwanza uliyoandika, au kitambaa cha kwanza ulichoshona. Baada ya miezi miwili kilinganishe na cha sasa. Usijilinganishe na jirani.

Chunga ulimi wako. Ukijisikia unasema "siwezi", simama useme "sijaweza", kisha ongeza: "Nimejaribu mara ngapi? Nimemwuliza nani?"

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni jambo gani ambalo umelisemea "siwezi" tangu tulipofika hapa?
2. Watoto wetu wanasikia maneno gani nyumbani wanapokosea?
3. Je, wako vijana katika kikundi chetu waliobaki nyumbani kwa haya ya kukaa na wadogo? Nani atawasindikiza shuleni siku ya kwanza?
4. Kila mmoja ataje ujuzi mmoja anaoweza kumfundisha mwenzake. Katibu aandike majina, na wiki ijayo wawili wawili waanze.

SALA

Ee Mungu, Baba yetu, uliyetembea na watu wako jangwani, utusaidie tusijifungie milango uliyoiacha wazi. Uwape watoto wetu ujasiri wa kurudi darasani, na wazee wetu furaha ya kujifunza. Utupe unyenyekevu wa kusahihishwa na upole wa kusahihisha. Uwapumzishe waliochoka. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.